Mvua ikianza, mzee wangu hanyanyuki kitini: ni magoti au ni masika?

SWALI

Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66. Mume wangu ana miaka 71, alikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa mpaka alipostaafu. Tunaishi Uru, juu kidogo ya Moshi mjini. Watoto wako Dar es Salaam na Dodoma, nyumbani tumebaki wawili na ng'ombe mmoja.

Kiangazi hatuna neno, shida yetu ni masika. Nikusimulie Jumanne iliyopita ilivyokwenda, maana zote zinafanana. Mvua ilianza usiku, bati halikunyamaza mpaka saa tisa alasiri. Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikawasha jiko la mkaa barazani, lilipokolea nikaliingiza sebuleni tupate joto, tukafunga madirisha. Mzee akanywa chai, akakaa kwenye kiti chake karibu na redio, miguu juu ya stuli. Ukiondoa chakula na kulala mchana saa mbili nzima palepale kitini, hapo ndipo alipokuwa mpaka taarifa ya habari ya usiku. Nikimwambia anyanyuke ananijibu magoti yameshikwa na mvua. Mchana alimeza diklofenaki mbili, zile za maumivu. Ana dawa zake za presha pia, losartani na ile ya kukojoa. Maji hataki kunywa kwa sababu choo kiko nje na njia inateleza.

Mimi nilishinda natoka na kuingia: ng'ombe, kuku, jikoni. Magoti yangu nayo hukaza asubuhi, ila nikishakata majani ya ng'ombe nayasahau. Siku za mvua tunaumwa kichwa wote wawili, nadhani ni hiyo baridi. Jioni tukakosana kwa ajili ya chumvi kwenye mboga. Je, ni kweli mvua inaumiza magoti? Na siku kama hiyo nimfanyeje mzee huyu?

JIBU

Shikamoo mwalimu, na shikamoo yangu imfikie mzee hapo kitini.

Umeniita daktari, lakini mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao, na kwa miaka kumi na minane wengi wao wamekuwa wazee wa Moshi na wa vijiji vya mlimani. Umeniuliza magoti, nitayafikia. Ila niliposoma barua yako nilikwama kwenye maneno uliyoyapitisha harakaharaka kuelekea mwisho, kwamba siku za mvua mnaumwa kichwa wote wawili. Magoti yanaweza kungoja wiki. Hili lisingoje hata kesho asubuhi.

Baridi haina desturi ya kuwashika watu wawili kichwa kwa pamoja kila mvua inaponyesha. Jiko la mkaa kwenye sebule iliyofungwa madirisha linayo. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na haiwashi macho. Watu wa huku wanauogopa moshi, kwa hiyo wanafanya kama ulivyofanya wewe: wanaliwasha jiko nje, wanangoja mkaa uwe mwekundu, kisha wanaliingiza ndani wakiamini limeshakuwa salama. Moshi kweli umeondoka, lakini ile hewa mkaa unaendelea kuitoa kimyakimya mpaka uwe majivu. Ikifika kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, na inapashikilia kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake huanza na kichwa, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, na usingizi. Mtu aliyelala ndani ya hewa hiyo anaweza asiamke tena.

Sasa rudi kwenye Jumanne yako. Wewe ulikuwa unatoka kwa ng'ombe na kuku, kila safari unavuta hewa safi. Mzee alikuwa ndani asubuhi yote, halafu akalala saa mbili palepale. Usingizi huo ndio ulionitisha kuliko magoti yake.

Kwa hiyo jiko libaki barazani au jikoni, na lisiingie sebuleni wala chumbani, likiwa limekolea au halijakolea. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kuitegemea. Mpashe joto mtu badala ya chumba: sweta, soksi nzito, shuka la Kimasai mapajani, na chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo juu ya goti kwa dakika kumi na tano au ishirini. (Kama ana kisukari na miguu imekufa ganzi, chupa hiyo uishike wewe kwanza, maana anaweza kuungua asijue.) Siku yoyote ambayo mmoja wenu ataumwa kichwa au kuona kizunguzungu jiko likiwa ndani, tokeni wote wawili mara moja, hata kama mvua inanyesha. Akizimia, akichanganyikiwa au akibanwa kifua, ni hospitali siku hiyohiyo, na muwaambie wahudumu kuwa kulikuwa na jiko la mkaa ndani, maana bila kuambiwa si rahisi wao kulifikiria.

Mvua ijayo mkikaa bila jiko ndani na kichwa kisiume, jibu mnalo. Kikiendelea kuuma, mkapime presha wote wawili.

Haya, magoti.

Lugha yetu yenyewe imeshatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, kwa hiyo mgonjwa akifika kwangu anakuwa ameshaambiwa na jina la ugonjwa kwamba mkosaji ni baridi. Watafiti nao wameichunguza sana kesi hii. Marekani walichukua kumbukumbu za wazee waliokwenda kwa daktari, zaidi ya ziara milioni 11, wakazilinganisha na siku za mvua katika maeneo yao. Matokeo yalitoka mwaka 2017: malalamiko ya viungo na mgongo hayakuwa mengi zaidi siku za mvua. Miaka miwili baadaye Waingereza walitoa ya kwao. Watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu sugu walikuwa wameandika kwenye simu kila siku wanavyojisikia, na ikaonekana kwamba siku zenye unyevu mwingi, upepo mkali na hewa yenye mgandamizo mdogo maumivu yalipanda. Yalipanda kidogo, lakini yalipanda. Kwa hiyo mzee hasemi uongo, na usimwambie anajifanya. Mvua inaweza kukoleza maumivu kidogo. Kumfunga mtu kitini kuanzia chai ya asubuhi mpaka taarifa ya usiku, hiyo si kazi ya mvua.

Ushahidi ulionao wewe ni mzuri kuliko wa Wamarekani. Mko nyumba moja, chini ya bati moja, mnanyeshewa na mvua moja, na mmepishana miaka mitano tu. Tena kwa kawaida magoti ya kusagika huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kama mkosaji angekuwa masika, wewe ndiye ungekuwa kitini na yeye angekuwa anakata majani. Magoti yako yanakaza asubuhi, unayapeleka kwa ng'ombe, yanalegea. Yake yanakaza asubuhi, anayapandisha juu ya stuli, na yanabaki yamekaza.

Ndani ya goti, ncha za mifupa zimevikwa gegedu, ile nyama laini inayozuia mifupa isisuguane, na gegedu halina mishipa ya damu. Linalishwa na ule ute wa kwenye kiungo, na ute hauingii kwa hiari yake. Unasukumwa na mwendo: ukikanyaga gegedu linabanwa kama sifongo, ukiinua mguu linafyonza. Anayekaa saa nne bila kunyanyuka amelinyima goti chakula kwa saa nne. Akinyanyuka linauma, linauma kweli, anarudi kukaa akisema mvua hii. Na kila anaporudi kukaa, misuli ya paja inayobeba goti inasinyaa. Kuna jaribio lililofanywa Marekani ambapo wazee wenye afya walilazwa kitandani siku kumi tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Mzee wako hakulazwa, sawa, lakini masika ya huku hayana siku kumi. Yanaanza Machi yanakwenda mpaka Mei, na Aprili ndiyo yenyewe.

Niseme kidogo kuhusu magoti ambayo maelezo haya hayayahusu. Goti lililovimba ghafla, jekundu, la moto, au lenye homa juu yake, lionwe na daktari. Kidole gumba cha mguu kinachowaka moto usiku baada ya sherehe ya nyama na mbege, ile pombe ya ndizi, hiyo inaweza kuwa gauti, ugonjwa mwingine wa viungo, nao una dawa zake. Na kukaza kwa asubuhi kunakozidi saa nzima si kule kukaza kwako kunakokwisha ukishafika kwenye majani. Huko nako kunahitaji vipimo.

Zile diklofenaki mbili sizipendi hata kidogo. Dukani zinauzwa kama pipi, na siku za mvua nadhani zinauzwa zaidi. Ila mzee anameza losartani na dawa ya kukojoa, na zote mbili zina mkono wao kwenye figo. Diklofenaki ikiingia ya tatu juu yake, figo za mtu wa miaka 71 zinaweza kushindwa, hasa kama hataki kunywa maji, na wewe umesema hataki. Tena dawa hiyo hupandisha presha ileile anayoitibu na kuchubua tumbo. Asiache dawa za presha, nisieleweke vibaya. Aache kujinunulia diklofenaki za kumeza, na kliniki ijayo apeleke vidonge vyote anavyotumia kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya dukani, daktari avione na figo zipimwe. Kwa goti, aulize kuhusu diklofenaki ya kupaka. Miongozo mingi ya matibabu siku hizi inaanza na hiyo kabla ya vidonge, kwa sababu kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Mkono unaochua nao una kazi yake, na huo unaweza kuwa wako.

Sasa tunafanyaje na kiti. Kukivunja haiwezekani, kiti cha mzee ni kiti cha mzee. Tutakitumia.

Tafuta kiti cha kulia chakula, kisicho na mikono, ukiegemeze ukutani kisiteleze. Mzee akae, akunje mikono kifuani, na wewe ushike saa. Kwa sekunde 30 ahesabu ni mara ngapi anasimama wima na kukaa. Mwanaume wa miaka 71 asiyefika 12 miguu yake imepungua nguvu na hatari ya kuanguka iko juu. Asipoweza hata mara moja bila kujisukuma kwa mikono, usimcheke. Andika sifuri, muanze na mto juu ya kiti ili kiinuke kidogo. Na wewe ukae ujipime. Kwa umri wako kipimo ni 11, na nina wasiwasi utamshinda, kwa hiyo mwache aanze yeye.

Kipimo hicho ndicho zoezi lenyewe. Redio ipo, na redio inataja saa. Kila inapotaja saa, mzee asimame na kukaa mara nane, polepole, akishuka bila kujibwaga, halafu atembee korido au baraza kabla ya kurudi. Baraza la mita sita, kwenda na kurudi ni mita kumi na mbili. Akienda mara tano ni mita sitini. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni redio inataja saa mara kumi: mita 600 na misimamo themanini, na hajalowana hata kidogo. Akishazoea, akiwa ameshika fremu ya dirisha ainuke kwa vidole vya miguu mara kumi, halafu asimame kisigino kimoja kikigusa vidole vya mguu wa pili kwa sekunde kumi, kama anayepita juu ya mti uliowekwa kuvukia mfereji. Zoezi hili la mwisho wazee wanaliona la kitoto. Mimi kwangu ni la thamani sana, kwa sababu ndilo linaloufundisha mwili usianguke.

Goti litauma, na hapo ndipo wengi wanapoacha. Kanuni ninayowapa wagonjwa wangu ni hii: mpe maumivu alama kuanzia 0 mpaka 10. Yakiwa chini ya 5 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi yamerudi yalipokuwa, hakuna kilichoharibika. Yakizidi hapo, punguza mara, usiache.

Najua utasema mzee hatakubali kusimama na kukaa kama mtoto wa chekechea kwa sababu mtu wa mbali kamwambia mkewe. Ni kweli. Mwanaume aliyetoka nyumbani kila siku asubuhi kwenda kazini, akastaafu, hapendi kupewa ratiba na mwalimu ambaye pia ni mke wake. Kwa hiyo usimpe mazoezi, mpe kazi ya ukarani.

Ushirika wa kahawa umekuwa na mizizi mlimani huku tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1933, na karani aliyeishi na mizani na vitabu vya kilo haachi kuandika kwa kuwa amestaafu. Mtafutie kopo lenye pande zilizonyooka, mdomo na kitako sawa, la maziwa ya unga linafaa. Alisimike mahali pa wazi, mbali na migomba na bati, likiwa limeegemezwa mawe lisipinduke. Kila siku saa tatu asubuhi atoke na rula, apime maji yaliyomo kwa milimita, aandike daftarini, alimwage. Upana wa kopo haubadilishi hesabu, ndiyo raha yake. Milimita moja ya mvua ni lita moja juu ya kila mita moja ya mraba. Kama bati lenu lina mita 9 kwa 8, hizo ni 72, na mvua ya milimita 25 imewashushia lita 1,800. Hata mkipoteza sehemu ya tano kwenye mfereji unaovuja, mmebaki na zaidi ya lita 1,400. Mwulize ziko wapi. Nina hakika kabla ya mwisho wa wiki atakuwa anakagua mifereji ya bati na kugombana na fundi wa tangi, na huyo atakuwa mtu aliyenyanyuka kitini.

Daftari liwe na safu tatu. Ya kwanza milimita za mvua. Ya pili alama za goti, 0 mpaka 10, zikiandikwa jioni saa ileile kila siku. Ya tatu, mara alizosimama kitini siku hiyo, avute vistari kama alivyokuwa akihesabu magunia. Usimwambie ni dawa. Mwambie anadai mvua ndiyo inayomuumiza, basi alete takwimu. Baada ya mwezi mkae naye mezani mlitazame: goti linaifuata safu ya kwanza au ya tatu? Mimi nina dau langu, lakini karani aseme mwenyewe. Akikuta ni ile ya kwanza, aniandikie, nitamwamkia tena.

Njia ya chooni. Wazee wengi ninaowapokea masika na nyonga iliyovunjika hawakuanguka safarini wala shambani, wameanguka hatua chache kutoka mlangoni. Udongo wa huku ukilowa unakuwa kama sabuni, na ndala ndizo zinazomaliza kazi. Mwageni kokoto au changarawe njia nzima, mafungu machache yanatosha. Chimbieni nguzo mfunge mwanzi wa kushika upande mmoja. Ndala zibaki ndani, nje ni mabuti ya mpira au viatu vyenye meno na vilivyofunga kisigino. Kama anatembea na fimbo, aishike mkono ulio upande wa goti zima, si upande wa goti bovu. Karibu wote wanaishika kinyume. Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama mikono chini, na ncha ivishwe kipande cha raba ya tairi.

Usiku asitoke. Ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu kwa mtu wa miaka 71. Aibu ni kuokotwa kwenye matope saa nane za usiku. Kabla ya kusimama akae ukingoni mwa kitanda na kuhesabu mpaka thelathini, kwa sababu dawa za presha zinaweza kuishusha damu ghafla mtu anaponyanyuka. Njia ikiwa salama na ndoo ikiwepo, sababu ya kukataa maji imekwisha. Anywe asubuhi na mchana, apunguze kuanzia jioni. Uzee hupunguza kiu, kwa hiyo asingoje kuisikia.

Usingizi wa mchana sina ugomvi nao ukiwa wa nusu saa na ukiisha kabla ya alasiri. Wa saa mbili unaiba wa usiku, na asiyelala usiku goti lake linauma zaidi. Chai sina la kusema ila sukari. Vikombe vitano vya vijiko vitatu ni gramu 60, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi kama 50 kwa siku nzima, vizuri zaidi 25. Uzito nao unahusika moja kwa moja: kila kilo moja anayoipunguza inaliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Mtori wako, ile supu ya ndizi, usiupunguze. Uongeze maharage, yai na maziwa ya ng'ombe wako, misuli inajengwa na hivyo.

Na wewe, mwalimu. Barua nzima umeandika kuhusu yeye, wakati ni wewe unayebeba mzigo wa majani kichwani kwenye mteremko wenye matope. Hayo majani mnaweza kugawana. Kuyakata ukayakate wewe kama magoti yako yanapenda, lakini kuyakatakata kwa panga barazani, na kile kigogo cha mgomba cha kumchanganyia ng'ombe, ni kazi ya mtu aliyesimama chini ya bati. Mzee anaiweza. Kuchambua maharage nako kunafanyika kwa kusimama kwenye meza. Mvua ikikata kama ile saa tisa yako, tokeni wawili mpaka barabarani na mrudi. Hamtakuwa na la kusema njiani mwanzoni, halafu mtakuwa nalo. Mkishinda ndani ya chumba kimoja kilichofungwa, hewa mbaya, vichwa vinauma, mmoja amekaa na mwingine anahangaika, kufikia jioni mtu atakosana na mwenzake kwa lolote lililo mezani.

Kuhusu hiyo chumvi yenyewe hukuniambia nani alikuwa anaitaka. Nakisia ni yeye, na kama ni yeye, kwa mtu wa presha wewe ndiye mwenye haki: kiwango ni chini ya gramu tano kwa siku, kijiko cha chai kimoja kisichojaa, kwa vyakula vyote pamoja. Mkamulie ndimu kwenye mboga, ongeza kitunguu saumu, na kopo la chumvi ulihamishie rafu ya juu jikoni. Akilitaka, anyanyuke alifuate, na aongeze kistari kwenye safu ya tatu.